KABLA YA BARABARA KUJENGWA, UDONGO HUPIMWA

Mara nyingi watu huwaona mafundi wa barabara wakichimba mashimo, wakitia udongo katika mifuko na kwenda zao, nao huulizana, "Mbona hawaanzi kazi?" Yafaa ijulikane kwamba mashimo hayo ndiyo mwanzo wa kazi yenyewe. Nyumba njema si mlango; vivyo hivyo barabara njema si lami inayoonekana juu, bali ni ardhi inayoibeba.

ARDHI ISIYOTULIA

Mfano mzuri ni udongo mweusi wa mfinyanzi unaopatikana katika nyanda za Athi, Mwea na Kano. Wakati wa kiangazi huwa mgumu kama tofali, tena hupasuka nyufa ambazo fimbo yaweza kuzama ndani. Mvua zinyeshapo, hunywa maji, huvimba na kuwa laini hata magurudumu ya lori hudidimia. Basi barabara iliyojengwa juu yake pasipo tahadhari huinuka na kushuka mwaka hata mwaka. Lami hupasuka, maji hupenya, na mwisho njia hukatika. Hapo mazao ya mkulima huoza kabla ya kufika sokoni, na mgonjwa huchukuliwa kwa machela kwa kuwa gari halipiti. Fedha za kodi nazo zimekwisha kutumika.

Hatari ni kwamba anayefika huko wakati wa kiangazi huona uwanda tambarare, mgumu, usio na mawe, akadhani hakuna mahali rahisi zaidi pa kujenga. Macho hayatoshi.

JINSI KIPIMO KIFANYWAVYO

Mashimo huchimbwa kwa kufuata mstari wa barabara, maana udongo wa juu si sawa na wa chini, wala wa kilimani si sawa na wa bondeni. Kila mfuko huandikwa mahali ulipotoka na kina cha shimo lake.

Katika maabara udongo huchekechwa ili kijulikane kiasi cha changarawe, mchanga na mfinyanzi. Kisha hulowanishwa na kusokotwa kuwa uzi wenye unene wa milimita 3. Udongo wa mchanga hukatika mapema. Mfinyanzi husokoteka vizuri. Udongo mwingine hujazwa katika kihori chembamba chenye urefu wa sentimita 14 na kukaushwa. Ukipungua sana humo, utapungua vivyo hivyo chini ya barabara.

Jambo jingine ni kushindilia. Mwaka 1933 mhandisi R. R. Proctor wa Los Angeles, Marekani, alieleza kwamba kila udongo una kiasi chake cha maji kinachoufanya ushikamane kuliko kiasi kingine. Ukiwa mkavu mno haushikamani. Ukilowa mno, maji hushika nafasi ya udongo.

Mwisho hupimwa nguvu. Udongo hushindiliwa ndani ya mkebe wa chuma na, kwa kawaida, huzamishwa majini siku 4, kwa kuwa barabara haina budi kustahimili masika. Ndipo husukumiwa kipande cha chuma, na nguvu iliyotumika hulinganishwa na ile ya kokoto bora zilizopondwa, ambazo hupewa 100. Kanuni zilizotolewa Kenya mwaka 1987 ziligawa ardhi katika madaraja 6: daraja la chini ni lenye 2 hadi 5, na la juu ni lenye zaidi ya 30.

DAWA YAKE

Ardhi ikionekana dhaifu, udongo mweusi huondolewa na kujazwa changarawe nyekundu, ile iitwayo murram, ambayo nayo hupimwa kwanza. Pengine udongo huchanganywa na chokaa ili upunguze kuvimba. Mitaro nayo huchimbwa ili maji yasisimame kando ya njia. Kazi hizo zina gharama, lakini kujenga barabara moja mara mbili kuna gharama kubwa zaidi.

Wananchi nao wana sehemu yao. Vigingi vilivyopigwa na mafundi visiondolewe. Tena wazee wanaojua mahali ambapo maji husimama wakati wa masika wawaonyeshe mafundi, kwa maana wanaopima wakati wa kiangazi hawawezi kuyaona.