Jina la Yahya: Asili Yake na Kuenea Kwake

 Ndugu Muislamu, majina mengi tuwapayo watoto wetu wanaume tumeyarithi kwa mababu. Mtoto huitwa jina la babu yake, na babu aliitwa jina la babu yake, hata mwanzo wake usijulikane. Jina la Yahya si hivyo. Mwenye jina hili wa kwanza ajulikana, baba yake ajulikana, na aliyemwita jina hilo si baba wala mama wala mzee wa mji, bali ni Mwenyezi Mungu. Tena alimwita kabla hajaingia tumboni mwa mama yake.

Kisa chake wakijua. Nabii Zakariya (alayhi ssalaam) alikuwa mzee, mifupa imemlegea na kichwa kimejaa mvi, na mkewe alikuwa tasa. Akamwomba Mola wake kwa siri ampe wa kumrithi. Akaletewa bishara naye amesimama katika mihrabu akisali: atapata mtoto mwanamume, na jina lake ni Yahya. Qur'ani yalitaja jina hili mahali patano: katika Al Imran, Al-An'am, na Al-Anbiya, mara moja moja, na katika Maryam mara mbili. Na katika aya ya 7 ya Sura ya Maryam ndipo penye neno ambalo makala haya yamekusudiwa kulieleza. Mola amjulisha Zakariya ya kwamba mtoto huyo hakumfanyia kabla yake *samiyy*.

Wafasiri wana kauli mbili katika neno hili. Qatada na Ibn Jurayj na wenzao wasema maana yake ni somo, kama tusemavyo sisi watu wa pwani: yaani hapana mtu kabla yake aliyeitwa Yahya. Mujahid asema maana yake ni mfano, yaani hapana kabla yake aliyefanana naye. Akaitolea hoja aya ya 65 ya sura hiyo hiyo, ambayo ndani yake neno hilo hilo limetajwa kwa Mwenyezi Mungu, na maana yake pale ni mwenye kulingana naye. Kauli ya Mujahid si ya kudharauliwa, lakini ina uzito. Kabla ya Yahya walipita Ibrahim na Musa (alayhima ssalaam), nao ni wakubwa zaidi yake kwa daraja. Na kama mwasema ni mfano katika kuzaliwa na mzee na tasa, basi Is-haka alitangulia. Ibn Jarir At-Tabari ameshika kauli ya kwanza, nayo ndiyo iliyo karibu na mwendo wa maneno, kwani aya yenyewe imekwisha kutaja jina kwa neno la *ismu*, na lifuatalo ni la kulieleza jina hilo.

Hapa yapasa mwanafunzi akae vizuri, maana huenda siku moja akakutana na mtu aliyesoma vitabu vya Manasara akamwambia: Yahya wenu ndiye Yohana, na Yohana ni Yohanani wa Kiebrania, na katika Agano la Kale akina Yohanani wako. Na ni kweli wako. Yohanani mwana wa Karea atajwa katika kitabu cha Yeremia, naye alikuwa zaidi ya miaka mia tano kabla. Basi atauliza: vipi yasemwa hakuna somo wake?

Jawabu ni kutazama lafudhi. Yohanani asili yake ni herufi za huruma, na maana yake ni Mungu amerehemu. Yahya, kwa wale wasemao ni Kiarabu, asili yake ni herufi za uhai, na maana yake ni anaishi. Mtu aitwaye Rahim si somo wa mtu aitwaye Hayati, hata kama wote wawili wamezaliwa nyumba moja. Na aya imesema juu ya jina la Yahya, haikusema juu ya Yohanani. Hata katika Injili iliyo mikononi mwao ya Luka, mlango wa kwanza, imehadithiwa ya kwamba jamaa walimpinga mama wa mtoto kwa kuwa hapana katika ukoo wao aliyeitwa jina lile. Ugeni wa jina, basi, haukuanza kusimuliwa na sisi.

Kwa nini akaitwa anaishi? Wengine wasema, kwa kuwa kwake yeye Mwenyezi Mungu alilihuisha tumbo la mama yake lililokuwa limekufa kwa utasa. Qatada asema, kwa kuwa Mwenyezi Mungu aliuhuisha moyo wake kwa imani. Wengine wasema, kwa kuwa aliuawa shahidi, na mashahidi wa hai. Wote wamekamata kamba moja. Na wako wasemao jina hili ni la kiajemi, si Kiarabu. Hao na hao wanakubaliana halitiwi tanwini, ila sababu ndiyo waliyohitilafiana. Wanafunzi wetu na wazingatie na hili: katika maandishi ya kawaida jina la Yahya huishia kwa ya, na kitendo cha *yahya*, anaishi, huishia kwa alifu, ili msomaji asichanganye mtu na kitendo. Msahafu una hati yake, haupimwi kwa kanuni hii. Na ha yake ni ile ya kooni, tena ina sukuni. Wengi wetu huitia fat-ha wakaita Yahaya. Mazoea ya ulimi hayo, lakini mwalimu asiyanyamazie.

Zamakhshari amesema katika tafsiri yake neno lililowapendeza baadhi ya watu. Asema aya hii ni ushahidi ya kwamba majina mazuri ya peke yake yastahiki kupendelewa, na kwamba Waarabu walikuwa wakiyatafuta kwa kuwa yana sifa zaidi na yako mbali na kutaniwa. Zamakhshari, ijapokuwa katika itikadi si wa njia yetu, katika lugha ni bahari, na Qurtubi amelinukuu neno lake hili. Lakini litazame vizuri. Alilolisifu ni jina zuri lenye kutengeka, wala si kila jina geni. Siku hizi twaona mzazi ameokota neno asilolijua maana, alilisikia safarini au alilisoma juu ya sanduku, amtwika mwanawe kwa sababu tu hapana mwengine mtaani mwenye jina hilo. Huyo hawezi kushika aya hii kuwa hoja, maana jina la Yahya lilikuwa la peke yake na maana yake ni uhai.

Na jina lina athari. Imepokewa katika Bukhari ya kwamba babu wa Said bin Al-Musayyib aliitwa Hazn, na maana yake ni ardhi ngumu. Mtume (s.a.w.) akataka kumwita Sahl, yaani mepesi, naye akakataa kubadili jina alilopewa na baba yake. Said, mwanachuoni mkubwa wa Madina, alikuwa akisema ule ugumu haukuwatoka katika ukoo wao.

Sasa tuje katika kuenea kwake. Waliokusanya khabari za Sahaba wamepokea ya kwamba Khallad bin Rafi, katika Ansari wa Banu Zurayq, alizaliwa mtoto, akaletwa kwa Mtume (s.a.w.). Akamtafunia tende akamtia kinywani, akasema atamwita jina ambalo hakuitwa mtu baada ya Yahya mwana wa Zakariya, akamwita Yahya. Basi jina lililoshuka bila somo lilikaa tena bila somo, hata likafunguliwa na mkono wa Mtume wetu. Na Yahya huyu unafaidika naye ijapokuwa hukumjua. Ile hadithi ya mtu aliyesali nyuma ya Mtume, akazidisha maneno ya kumhimidi Mola alipoinuka katika rukuu, na Mtume akasema amewaona malaika thelathini na kitu wakishindana nani ataiandika kwanza, Bukhari ameipokea kwa njia ya Ali bin Yahya bin Khallad, kutoka kwa baba yake, kutoka kwa Rifaa bin Rafi.

Baadaye jina likaenea kwa msiba. Yahya bin Zaid, mjukuu wa Ali Zaynul-Abidin, aliuawa Juzjan katika nchi ya Khurasan mwaka 125 Hijriya (743), na maiti yake ikatundikwa, ikabaki imetundikwa mpaka Abu Muslim alipowaondoa Banu Umayya huko akaiteremsha na kuizika. Masudi ahadithia ya kwamba watu wa Khurasan walimlilia siku saba, na mwaka huo hapakuzaliwa mtoto mwanamume huko ila aliitwa Yahya au Zaid. Watawala waliweza kuuzuia mwili usizikwe, jina hawakuliweza.

Na katika wanavyuoni wa hadithi wamejaa. Yahya bin Said Al-Ansari, kadhi aliyekufa mwaka 143 Hijriya, ni katika walimu wa Malik. Yahya bin Main, aliyekufa Madina mwaka 233, ndiye mizani ya wapokezi. Na waliopokea Muwatta kwa Malik wako wawili, kila mmoja aitwa Yahya bin Yahya: mmoja ni Al-Laythi wa Andalus, na mwengine ni wa Naysabur, mwalimu wa Muslim. Jina lisilokuwa na somo leo lamlazimu mwanafunzi aulize ni Yahya yupi, na baba yake Yahya yupi.

Katika madhehebu yetu yatosha kumtaja mmoja, mwenye Minhaj isomwayo katika darasa zetu: Yahya bin Sharaf An-Nawawi, aliyezaliwa mwaka 631 Hijriya (1233) katika mji wa Nawa, nchi ya Sham, akafa mwaka 676 (1277). Ndiye aliyeeleza ya kwamba kuita majina ya Manabii yajuzu kwetu na kwa wanavyuoni walio wengi, ijapokuwa imepokewa kwa Sayyidna Umar kuyakataza. Nabii Yahya amesifiwa katika Al Imran kwa kujizuia na wanawake. Na Nawawi hakuoa mpaka alipokufa. Watu walimpa lakabu ya Muhyiddin, mwenye kuhuisha dini, naye akaichukia, akasema hatamsamehe amwitaye hivyo. Herufi za lakabu ile na za jina lake ni zile zile za uhai. La pili alilipewa na baba yake akaliridhia. La kwanza lilikuwa sifa ya watu, akaikataa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.