Hamu ya udongo: Mweleze muuguzi, usimfiche

Katika masoko mengi ya Kenya, kando ya mafungu ya nyanya na vitunguu, utaona vijiwe vya rangi ya kijivu au nyeupe vimepangwa kama bidhaa nyingine yoyote. Wengi huviita odowa, jina lililotoka kwa Waluo; wengine husema tu mawe. Muuzaji hamwulizi mteja vijiwe hivyo ni vya kazi gani. Anajua ni vya kuliwa, na anajua kwamba wengi wa wanaovinunua ni wanawake, wakiwemo waja wazito.

Mahali pengine hakuna haja ya kununua. Watafiti waliowahoji waja wazito 275 katika wilaya ya Kilifi, na kuchapisha matokeo yao mwaka 1998, waligundua kwamba 154 kati yao, yaani zaidi ya nusu, walikuwa wakila udongo mara kwa mara. Aghalabu waliutoa katika kuta za nyumba. Kiasi walichokula kilikadiriwa kuwa kama gramu 40 kwa siku, sawa na konzi ndogo. Jambo la kutiliwa maanani zaidi ni kwamba waliokula udongo walikuwa na akiba ndogo ya madini ya chuma mwilini kuliko wenzao.

Ijapokuwa jambo lenyewe ni la kawaida hivyo, ni nadra kulisikia likitajwa kliniki. Mfikirie mama mwenye mimba ya miezi mitano, ambaye kipande cha odowa kimo mkobani mwake wakati huo huo anapopimwa uzito. Muuguzi anamwuliza, "Unakula vizuri, mama?" Naye anajibu, "Ndiyo, sista." Hakusema uongo. Anakula ugali na mboga kama watu wengine. Ila hakuulizwa la udongo, na hata angeulizwa, pengine angekana kwa kuona haya mbele ya wenzake waliopanga foleni nyuma yake.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya mama huyo.

Si wazimu wala uroho

Madaktari huiita hali hii pika. Jina hilo lisikuchekeshe, halihusiani na upishi. Limetokana na neno la Kilatini la ndege mmoja wa Ulaya anayesemekana kuokota na kumeza chochote. Mwenye pika hutamani na kula vitu ambavyo si chakula: udongo, mkaa, majivu, chokaa, vijiti vya kiberiti vilivyoungua. Wapo pia wanaotafuna mchele mbichi au barafu kutwa nzima.

Katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotolewa mwaka 2013, pika iliwekwa katika fungu moja na matatizo mengine ya ulaji, kama vile kujinyima chakula kwa kuogopa unene au kula kupita kiasi kisha kujitapisha. Mwongozo huo huo unaonya kwamba mtu anayekula udongo kwa sababu ndiyo desturi ya kwao asihesabiwe kuwa mgonjwa wa akili. Kwa maoni yangu hilo ni la haki. Bibi zetu walikula udongo na hawakuwa na wazimu. Lakini desturi haimzuii mtu kupungukiwa na damu, na hapo ndipo penye shida.

Kwa nini hamu hii huja? Wataalamu hawajakubaliana. Baadhi yao husema udongo laini hutuliza kichefuchefu cha miezi ya mwanzo, na kweli aina moja ya udongo mweupe, kaolini, ilitumiwa kwa miaka mingi katika dawa za tumbo. Wengine wanaona ni mwili unaolilia madini. Lililo wazi ni kwamba hamu hii na upungufu wa chuma huandamana mara nyingi. Hamu ya barafu, hasa, inajulikana sana kuwa dalili ya upungufu huo, na mtu anapotibiwa kwa chuma huenda ikatoweka katika majuma machache, hata kabla damu haijapanda sawasawa.

Damu ya watu wawili

Wakati wa uja uzito damu ya mama huongezeka kwa karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo. Mtoto naye anajiwekea akiba yake ya chuma kutoka kwa mama. Ikiwa chakula hakitoshi, au mama amezaa mara kwa mara bila kupumzika, au ana malaria au minyoo, akiba yake huisha upesi. Himoglobini ikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita (10.5 katika miezi ya kati ya mimba), huyo ana upungufu wa damu. Ikiwa chini ya 7, hali ni mbaya na anahitaji matibabu ya haraka.

Dalili zake akina mama wengi huzichukua kuwa za mimba tu: uchovu, kizunguzungu, moyo kwenda mbio, kuhema anapopanda kilima kidogo. Viganja na sehemu ya ndani ya kope la chini huwa vyeupe. Usitegemee macho peke yake, hata hivyo. Omba damu ipimwe, na uulize umepata ngapi.

Hatari kubwa huonekana siku ya kujifungua. Kutokwa na damu nyingi baada ya kuzaa ni miongoni mwa sababu kuu zinazowaua akina mama nchini. Mwenye damu ya kutosha anaweza kupoteza kiasi fulani akapona. Mwenye damu chache hana cha kupoteza. Mtoto naye anaweza kuzaliwa kabla ya siku zake au akiwa na uzito mdogo.

Sasa, je, udongo hauna chuma ndani yake? Ndivyo wanavyouliza wengi, hasa wakiona wekundu wake. Upo, lakini kuwa nacho tumboni si kukipata mwilini. Baadhi ya aina za udongo hushikamana na chuma kilichomo katika chakula na vidonge, kikapita na kutoka nje pamoja na choo. Hivyo mama anameza kidonge asubuhi, anatafuna udongo saa nne, na udongo unamnyang'anya alichomeza. Akirudi kliniki damu haijapanda, muuguzi anashangaa na pengine kumlaumu kwamba hamezi dawa.

Kuna madhara mengine. Udongo uliochimbwa mahali watu au wanyama wanapokwenda haja huweza kuwa na mayai ya minyoo. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2005 uliona uhusiano kati ya kula udongo na kuambukizwa mchango upya baada ya kutibiwa. Kuna wanaouchoma udongo kwanza, na moto ukiwa mkali huua mayai hayo. Lakini moto hauondoi risasi, madini yenye sumu ambayo hupatikana katika baadhi ya udongo na hupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto na kuudhuru ubongo wake. Huko Uingereza waja wazito wameonywa dhidi ya vijiwe vya kula vinavyoingizwa kutoka Afrika Magharibi kwa sababu hiyo hiyo. Kijiwe cha sokoni hakina maandishi ya kukujulisha kilimo nini. Meno kuvunjika na choo kufunga ni mambo ambayo walaji wenyewe wanayajua.

Jinsi ya kuacha

Kumkemea mama hakusaidii. Akikemewa atakula chooni au usiku, na kliniki haitajua. Mume au mama mkwe anayetaka kusaidia na amwulize kwa upole hamu humjia saa ngapi, kisha waanzie hapo.

Hatua ya kwanza ni kusema. Ukiona haya mbele ya watu, mwambie muuguzi, "Sista, nina neno la faragha." Kisha sema wazi unakula nini, kiasi gani na tangu lini. Mwombe akupime damu na achunguze kama una malaria au minyoo. Dawa ya minyoo hutolewa baada ya miezi mitatu ya kwanza ya mimba, usijinunulie dukani.

Vidonge vya chuma ndiyo tiba yenyewe. Kile kinachotolewa katika kliniki za serikali huwa na miligramu 60 za chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki, na humezwa kimoja kila siku. Wengi huviacha kwa sababu vinawatia kichefuchefu au choo kinakuwa cheusi. Weusi huo hauna ubaya. Kichefuchefu hupungua ukimeza baada ya chakula cha jioni, karibu na kulala. Usimeze pamoja na chai, kahawa au maziwa. Acha saa moja au mbili zipite. Chai ya maziwa ya Kenya, kwa utamu wake wote, ni adui wa chuma inapoandamana na chakula.

Katika chakula, chuma kinachopokelewa vyema na mwili kimo katika nyama na samaki, hata omena. Maini ni mazuri lakini mja mzito asiyale kila siku, kwa maana yana vitamini A nyingi mno. Maharagwe, ndengu, kunde, terere na managu pia yana chuma, nacho hupokelewa vizuri zaidi ukikamulia ndimu au ukila chungwa au pera pamoja nayo.

Na hamu yenyewe je? Wachache huweza kuacha kwa siku moja. Usiweke akiba nyumbani wala mkobani. Kama ulikuwa ukila vipande vinne, shuka hadi viwili, kisha kimoja. Angalia kinachoichokoza: kwa wengi ni harufu ya mvua ya kwanza juu ya vumbi, au kupita karibu na kibanda fulani. Badilisha njia. Mdomo unaotaka kutafuna upe karoti, njugu au mahindi ya kuchoma. Usihamie mchele mbichi au mkaa, maana hapo hujaacha lolote. Na wakati ambao bado hujaweza kuacha kabisa, angalau usile udongo karibu na saa ya kidonge. Siku ukishindwa, meza kidonge chako na uanze tena kesho yake.

Ikiwa tatizo lako si udongo bali unajinyima chakula au kujitapisha kwa kuogopa unene wa mimba, mweleze muuguzi huyo huyo. Utahitaji daktari na mshauri, na uzito wa mtoto utafuatwa kwa karibu zaidi.

Nenda hospitalini bila kungoja siku ya kliniki ukiona tumbo linauma sana na choo hakitoki huku unatapika, ukihema hata ukiwa umeketi, ukitokwa na damu, au mtoto akipunguza kucheza.

Hamu hii kwa kawaida huisha au kupungua baada ya kujifungua, lakini upungufu wa damu hauishi siku hiyo. Uliza vidonge uendelee navyo kwa majuma mangapi, na damu ipimwe tena. Mimba nyingine ikija, litaje jambo hili katika ziara ya kwanza kabisa, kabla mwili haujaanza kudai.