JE, TUFUNGE KOPO LA KUDAKIA OILI KATIKA INJINI?

Siku hizi katika maduka ya vipuri mjini Kampala kinauzwa chombo kidogo cha aluminiamu chenye midomo miwili ya kufungia mipira. Mafundi hukiita kopo la kudakia oili. Muuzaji husema kwamba gari likifungwa kopo hilo, injini itakuwa safi na itadumu. Maneno hayo yamewavuta wengi, na hasa wale ndugu zetu waliomaliza masomo hapa ambao riziki yao hutoka katika teksi moja au pikapu moja. Kwa mtu wa namna hiyo fedha za kopo ni fedha zilezile za kubadilishia oili, kwa hiyo si jambo la kuchezea. Basi na tulichunguze kwa utaratibu, kama tunavyochunguza swali la Fizikia: kwanza asili ya tatizo, kisha kazi ya kopo, na mwisho tutoe hukumu.

1. Gesi ya tumboni

Ndani ya silinda petroli huchanganyika na hewa, ikabanwa na pistoni, kisha ikawaka. Mwako huo husukuma pistoni chini. Pistoni imevikwa ringi ili gesi isipenye, lakini hakuna ringi inayoziba kabisa. Hata katika injini mpya gesi kidogo hupita ubavuni mwa pistoni ikashuka katika tumbo la injini, mahali ambapo kranki huzunguka na oili hukaa. Gesi hiyo huwa na mvuke wa maji, petroli isiyoungua na tindikali kidogo. Ikikutana na oili ya moto inayorushwarushwa na kranki, hubeba matone madogo sana ya oili kama ukungu.

Gesi hiyo haina budi kutoka. Ikifungiwa ndani, itasukuma sili na gasketi mpaka oili ivuje, na oili yenyewe itaharibika iwe tope jeusi. Zamani watengenezaji waliweka bomba tu la kuitoa nje, chini ya gari. Baadaye ikafahamika kwamba gesi hiyo huchafua hewa ya miji, na mwaka 1961 jimbo la California, huko Marekani, likaanza kutaka magari mapya yafungwe mfumo wa kuirudisha gesi hiyo katika injini ili iungue. Katika mfumo huo mna valvu ndogo iitwayo PCV, ambayo hupima kiasi cha gesi inayovutwa. Mpaka leo magari yetu hufuata njia hiyo.

2. Kwa nini swali limezuka

Kwa miaka mingi ukungu ule wa oili haukuleta taabu kubwa. Katika injini za kabureta, na zile zenye nozo nje ya silinda, petroli hupita juu ya valvu za kuingizia hewa. Petroli huyeyusha mafuta, kwa hiyo valvu zilioshwa kila safari.

Mwaka 1996 kampuni ya Mitsubishi ilianza kuuza Japani magari ya GDI, na mwaka huohuo Toyota ikatoa injini za D-4. Katika injini hizi nozo hutia petroli ndani ya silinda yenyewe. Petroli kidogo hutosha, na nguvu hupatikana. Lakini valvu za kuingizia hewa hazioshwi tena na kitu chochote. Ukungu wa oili hutua juu yake, joto huukausha, nao hugeuka masizi magumu. Polepole njia ya hewa huwa nyembamba. Gari hutetemeka likisimama, na hushindwa kupanda mlima kama zamani. Katika gereji za Ulaya na Marekani valvu hizo husafishwa kwa kupuliziwa maganda ya jozi yaliyosagwa, kazi yenye gharama. Toyota wenyewe walitafuta dawa nyingine: kuanzia 2005 wakatoa injini za D-4S zenye nozo za namna mbili, ndani ya silinda na nje, ili valvu zioshwe tena.

Jambo hili linatuhusu, maana magari mengi ya Uganda yametumika Japani kabla ya kufika kwetu. Sheria ya mwaka 2018 ilikataza kuingiza magari yenye umri wa zaidi ya miaka 15, lakini hata gari la miaka 10 limekwisha kukusanya masizi yake njiani.

3. Kopo hufanya nini

Kopo hufungwa katikati ya mpira unaoichukua gesi kutoka tumbo la injini kwenda kwenye njia ya hewa. Kazi yake hutegemea kanuni mbili tulizosoma. Ya kwanza ni ile ya kifuniko cha sufuria: mvuke ukigusa kitu cha baridi hugeuka maji. Ya pili ni kwamba kitu kizito hakigeuki upesi kama kitu chepesi. Gesi ikiingia mahali papana hupunguza mwendo, na ikilazimishwa kupinda huku na huku, yenyewe hupita, bali matone ya oili hugonga ukuta, hushikana, nayo huteremka chini. Kwa sababu hiyo kopo jema lina vizuizi au wavu ndani. Kopo tupu lisilo na kitu ndani hudaka kidogo sana, hata liwe limepakwa rangi nzuri namna gani.

Asidhani mtu kwamba kinachopatikana ni oili safi. Ni mchanganyiko wa oili, maji na petroli, na pengine huwa mweupe kama maziwa, hasa katika safari fupi na mahali pa baridi kama Kabale. Usiurudishe katika injini, wala usiumwage shambani au mtoni. Uweke pamoja na oili chafu.

4. Mambo yasiyowezekana

Kwanza, kopo haliondoi masizi yaliyokwisha kuganda. Pili, halizuii masizi yote, maana mengine huletwa na moshi wa ekzosi unaorudishwa katika injini, na mengine na oili inayopita katika shina la valvu. Tatu, na hili ndilo kubwa, kopo haliponyi injini iliyochakaa.

Tufanye hesabu. Tuseme gari hupunguza oili lita 1, yaani mililita 1,000, kwa kila kilometa 5,000. Mwenyewe hufunga kopo, na baada ya kilometa 5,000 hupata mililita 50. Hufurahi akasema, "Tazama, nimeokoa oili!" Lakini 50 katika 1,000 ni sehemu moja tu katika 20, na tena kiasi fulani cha hizo 50 ni maji. Sehemu 19 zimekwenda wapi? Zimeungua au zimevuja. Ugonjwa uko kwenye ringi au kwenye sili, wala haumo katika ule mpira. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

5. Hatari zake

Mpira mwembamba, au wa maji ya bustani, hulainika kwa oili na kujikunja. Gesi hukosa njia, na sili husukumwa nje. Hivyo mtu aliyetaka kuzuia oili huimwaga yote barabarani. Kopo lenye ufa nalo huingiza hewa isiyopimwa, na injini hunguruma ovyo. Wengine huacha mdomo wa kopo wazi kama walivyoona katika magari ya mashindano. Katika gari la abiria hilo ni kosa, maana hewa chafu hurudi kwa watu, hata ndani ya gari.

Hatari kubwa zaidi ni kusahau kulimwaga. Kopo likijaa, laweza kuvutwa lote kwa mkupuo mmoja. Katika injini ya dizeli oili huungua kama dizeli yenyewe, na injini yaweza kukimbia ovyo hata baada ya kuzima ufunguo. Injini ya tabo ina jambo lake pia: mara nyingi gesi hupita njia moja gari likienda polepole, na njia nyingine tabo ikisukuma hewa kwa nguvu. Anayefunga kopo kwenye njia moja tu ameziba mlango akaacha dirisha.

6. Hukumu

Kabla ya kununua kopo, kagua valvu ya PCV. Kama imeziba, badilisha, maana bei yake ni ndogo. Kisha fungua kifuniko cha kutilia oili wakati injini inanguruma polepole. Ukiona moshi unatoka kwa nguvu kama pumzi za mkimbiaji, na PCV ni nzima, yamkini ringi zimekwisha. Hapo weka fedha zako kwa ajili ya ringi.

Kama injini ni nzima na nozo zake ziko nje ya silinda, kopo si la lazima. Badilisha oili kwa wakati wake, nawe utakuwa umefanya lililo bora.

Kama ni injini nzima ya GDI, ya D-4 au ya dizeli yenye tabo, kopo lenye vizuizi laweza kusaidia, kwa sharti moja: mwenye gari awe mtu wa kufungua boneti na kulimwaga mara kwa mara. Lifungwe mbali na ekzosi, kwa mipira ya oili yenye upana uleule wa kiwandani, na likazwe sana kwa ajili ya barabara zetu. Kwa mwezi wa kwanza litazamwe kila juma, mpaka mwenyewe ajue linajaa kwa siku ngapi. Dereva wa teksi anayetazama oili kila asubuhi ataweza. Mwenye gari ambaye huliona boneti likifunguliwa gereji tu, namshauri aliache dukani.

Maswali ya kujipima

(a) Kwa nini valvu za injini ya kabureta hazikusanyi masizi mengi kama za injini ya GDI?
(b) Gari hupunguza mililita 600 za oili, na kopo limedaka 30. Ni sehemu gani iliyopotea penginepo?
(c) Eleza kwa nini kopo tupu lisilo na vizuizi halidaki matone mengi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita