Ununue Mbofyo au Upande kwa Miguu?

Rafiki yangu wa Moshi anayepandisha wageni Kilimanjaro alinipigia Jumanne moja, sauti imemkauka. "Kaka, hela ya tangazo inaisha kabla ya saa nne asubuhi, na hakuna aliyeandika hata salamu." Alikuwa ametenga dola 20 kwa siku. Nikamwomba anifungulie akaunti yake ya Google Ads, tukaenda moja kwa moja kwenye ripoti inayoonyesha maneno ambayo watu waliandika kabla ya kubofya. Mstari wa kwanza: bei ya bia ya Kilimanjaro. Wa pili: nafasi za kazi Kilimanjaro. Chini yake kulikuwa na mtu aliyetafuta maji ya kunywa ya Kilimanjaro kwa katoni, na mwingine, bila shaka mwanafunzi, aliyetaka kujua urefu wa mlima. Ni mita 5,895. Jibu hilo lilimgharimu rafiki yangu nusu dola.

"Basi niachane na matangazo, nifanye SEO?" akauliza, yaani kazi ya kupandisha kurasa zake kwenye matokeo ya bure ya Google.

Swali hilo naulizwa mara nyingi, na wengi huliuliza wakiwa wameshika pochi: nina kiasi hiki, nikitie wapi? Pochi ingoje kwanza. Hizi ndizo hatua nilizompitisha, na ndizo ningempitisha fundi, mwenye nyumba ya wageni au muuza vipuri.

Hatua ya 1: Mjue anayetafuta

Friji ikizima saa mbili usiku pale Sinza, Dar es Salaam, na ndani kuna kilo tano za nyama, mwenye nyumba hasomi makala. Anaandika "fundi friji karibu nami" na kupiga namba ya kwanza itakayopokelewa. Dakika tano, amekwisha kuamua.

Sasa mchukue mgeni wa Hamburg anayetaka kusimama Uhuru Peak, kileleni Kilimanjaro, mwezi wa Septemba. Huyu anaanza kutafuta miezi mingi kabla. Leo anauliza njia ipi ina watu wachache, Machame au Lemosho. Wiki ijayo anauliza kama siku sita zinatosha au aongeze ziwe nane ili mwili uzoee hewa nyembamba. Baadaye anataka kujua wapagazi wanalipwaje na bakshishi inatolewa vipi. Atarudi Google mara kumi kabla hajamwandikia mtu, na kila anaporudi ni nafasi ya kukutana nawe bila wewe kulipa chochote, mradi una ukurasa wenye jibu.

Kwa hiyo chukua karatasi. Fungua WhatsApp yako ya biashara, andika maswali 20 ya mwisho uliyoulizwa na wateja, kwa maneno yao wenyewe na kwa lugha waliyotumia. Mbele ya kila swali andika H kama muulizaji ana haraka, na P kama bado anapanga. Zikijaa H, tangazo la kulipia litakufaa mapema. Zikijaa P, kazi yako kubwa ni kurasa. Rafiki yangu alipata P kumi na saba.

Hatua ya 2: Chukua cha bure kwanza

Kabla ya senti moja kutoka, jisajili kwenye Google Business Profile ili uonekane kwenye ramani. Weka namba inayopokelewa, saa za kazi za kweli na picha ulizopiga mwenyewe, kisha mwombe kila mteja aliyeridhika aandike maoni. Google yenyewe inasema kwamba kwa utafutaji wa karibu huangalia mambo matatu: kama huduma yako inalingana na kilichoulizwa, umbali, na jinsi unavyofahamika. Umbali huwezi kuubadilisha; hayo mengine mawili yako mikononi mwako. Nimewaona mafundi waliojaza ukurasa huu vizuri na hawakuhitaji tena kusoma hatua zinazofuata.

Hatua ya 3: Elewa unachonunua

Watu wengi hudhani tangazo la Google ni kama bango la barabarani: unalipa, unapandishwa. Ukweli ni mnada, na unafanyika upya kila mtu anapotafuta kitu. Wewe unataja dau, yaani kiasi cha juu utakachokubali kulipa kwa mbofyo mmoja. Google hulipima dau lako pamoja na ubora: tangazo linaendana na swali? Ukurasa anaofikia mtu akibofya unamsaidia? Ndiyo maana mwenye dau dogo na ukurasa mzuri anaweza kukaa juu ya tajiri mwenye ukurasa ovyo, na akalipa kidogo zaidi.

Mnada huu si uvumbuzi wa Google. GoTo.com ya Bill Gross huko California ilikuwa ikiuza nafasi kwa mbofyo tangu 1998, mwaka uleule Google ilipoanzishwa. Google ilileta AdWords, ambayo leo ni Google Ads, Oktoba 2000, ikiwa na watangazaji 350, na ubora ukaja kupewa uzito mkubwa katika mnada wake. Kwa mwenye biashara ndogo hilo ni jambo la kushukuru, maana kwa dau peke yake angemezwa mchana kweupe.

Upande wa pili, matokeo ya kawaida hayauzwi. Kulipia matangazo hakukupandishi hata nafasi moja huko. Akija kijana na laptop akisema ana mtu wake Google, mpe chai aende. Hata yule anayekuhakikishia namba moja, Google imekwisha kusema wazi kwamba hakuna awezaye kutoa hakikisho hilo.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya mbofyo

Hatua hii wengi huiruka, na ndipo hela inapozama. Tuseme faida yako kwa mgeni mmoja, ukishatoa ada za hifadhi, mishahara, chakula na usafiri, ni dola 600. Tuseme katika kila watu 100 wanaobofya, wanne wanakuandikia, na katika kila watano wanaokuandikia, mmoja analipa. Maana yake unahitaji mibofyo 125 ili kumpata mgeni mmoja. Gawa 600 kwa 125: dola 4.80. Mbofyo ukizidi hapo, unafanya kazi ya kuitajirisha Google. Ukiwa dola 2, mgeni amekugharimu 250 na unabaki na 350.

Fundi friji naye apige yake. Faida ya kazi moja tuseme ni shilingi 40,000, na mmoja kati ya kumi wanaobofya anampa kazi. Mwisho wake ni shilingi 4,000 kwa mbofyo.

Namba zangu ni za mfano, zako zitafute. Kama huna, anza leo kumuuliza kila anayepiga, "Umetupataje?", na uandike kwenye daftari. Kisha ingia Keyword Planner ndani ya Google Ads uone makadirio ya bei ya maneno yako. Yale yanayozidi kikomo chako usiyalipie. Hayo ndiyo ya kuandikia kurasa. Katika hatua zote hii ndiyo ninayoiamini kuliko zingine, kwa kuwa inaamua neno kwa neno. Biashara moja inaweza kulipia maneno matatu na kuyasubiri mengine thelathini.

Hatua ya 5: Lipia kidogo, ujifunze

Hata kama P ndizo nyingi, mwezi mmoja wa matangazo madogo si hasara ukiuchukulia kama ada ya shule. SEO itakuambia baada ya miezi mingi kama ulichagua neno sahihi. Tangazo litakuambia ndani ya wiki mbili. Ila kwanza rekebisha vitu vilivyomtia rafiki yangu hasara.

Cha kwanza ni mahali. Alichagua Tanzania, eti kwa sababu kampuni iko Tanzania. Wageni wake wako Ujerumani, Uingereza na Marekani! Chagua nchi za wateja. Halafu fungua mipangilio ya ndani zaidi, kwa sababu bila kuguswa Google huwaonyesha tangazo waliopo mahali hapo na pia wanaoonekana kuvutiwa napo. Fundi wa Sinza anataka waliopo tu.

Cha pili ni upana wa neno. Ukiandika kilimanjaro bila alama yoyote, umeruhusu kila kinachofanana nalo, bia na yote. Ukilifunga kwa alama za kunukuu, "kupanda kilimanjaro", unapunguza upana hadi kwenye maana hiyo. Ukitumia mabano ya mraba, unapunguza zaidi. Mwenye bajeti ya dola 20 hana haki ya kuacha neno wazi.

Cha tatu ni orodha ya maneno ya kukataza. Tulikaa nusu saa tukaijaza: bia, maji, kazi, picha, wimbo, uwanja wa ndege, urefu. Tukaweka na Kiingereza chake. Kila Jumatatu unasoma ripoti ile ya maneno na kuongeza mengine.

Na usishtuke siku moja ukikatwa dola 40. Google inaruhusiwa kutumia hadi mara mbili ya bajeti ya siku pakiwa na watafutaji wengi, mradi kwa mwezi isivuke bajeti hiyo mara 30.4. Kwa dola 20, kikomo cha mwezi ni 608. Kama huna 608, usiandike 20.

Mwisho, tangazo la Lemosho limpeleke mtu kwenye ukurasa wa Lemosho. La kwake lilikuwa linamwaga kila mtu kwenye ukurasa wa mwanzo wenye picha ya twiga.

Hatua ya 6: Andika kurasa chache zenye jibu

Maneno yaliyoleta maulizo kwenye hatua ya 5 sasa yanajulikana. Kila moja liandikie ukurasa wake. Kichwa kiseme kilichomo: njia, idadi ya siku, bei inaanzia ngapi. Weka ratiba ya siku kwa siku, kambi zenyewe, picha za wapagazi wako (kwa ruhusa yao), na bei. Ndiyo, bei. Wafanyabiashara wetu wanapenda kuficha bei ili mteja aulize. Mgeni anayelinganisha kampuni nane hakuulizi, anafunga ukurasa.

Tangu 2024 Google imekuwa ikiweka juu ya matokeo muhtasari uliotungwa na akili mnemba, na swali kama urefu wa mlima linajibiwa palepale, hakuna anayebofya. Usipoteze mafuta ya taa kuandikia maswali hayo. Andika yale ambayo mtu lazima awe amefika ndipo ayajue: Barafu Camp usiku wa manane kunakuwaje, mvua ya Aprili inaifanya nini njia ya Machame.

Kurasa zifunguke haraka kwenye simu ya kawaida yenye bando dogo. Jiunge na Search Console ya Google, ni bure, nayo itakuonyesha maneno yanayokuleta kwenye matokeo na uko nafasi ya ngapi. Omba viungo, yaani linki za kuleta watu kwenye kurasa zako, kwa watu unaofanya nao kazi kweli: hoteli unayowalaza wageni, chama chenu, mwandishi uliyempandisha. Usivinunue. Mwaka 2011 gazeti la New York Times liliandika jinsi viungo vya kununuliwa vilivyoipandisha JCPenney, duka kubwa la Marekani, na duka hilo likaporomoshwa na Google karibu mara moja. Wao walikuwa na uwezo wa kusimama tena.

Muda nao upange. Google inasema kazi ya SEO kwa kawaida huchukua miezi minne hadi mwaka mmoja kuzaa. Mgeni wa Septemba anatafuta tangu mwanzoni mwa mwaka, kwa hiyo ukurasa wake unaandikwa mwaka wa kabla. Masika, mlima ukiwa kimya na waongozaji wako nyumbani, ndiyo msimu wa kuandika.

Hatua ya 7: Zima neno moja moja, uhesabu

Ukurasa ukishapanda, je, uendelee kulipia neno hilohilo? Mwaka 2012 eBay ilijaribu kwa ukubwa wake. Ilizima matangazo yaliyokuwa yakitokea watu wanapoandika jina lake kwenye Yahoo na Bing. Asilimia 99.5 ya mibofyo iliyokuwa ikilipiwa ikaja yenyewe kupitia matokeo ya bure. Watafiti Blake, Nosko na Tadelis, walioichapisha kazi hiyo mwaka 2015, waliona jambo jingine pia: matangazo ya maneno yasiyo na jina la eBay yaliwaongeza wateja wapya na wanaonunua kwa nadra, lakini wanunuzi wa kila siku hayakuwabadilisha kitu.

Wewe si eBay, na mshindani anaweza kulipia jina lako siku unayolizima. Kwa hiyo jaribu, usikisie. Chagua neno moja ambalo Search Console inaonyesha umekaa ndani ya nafasi tatu za juu. Lizime wiki mbili ambazo hazina sikukuu wala mabadiliko ya msimu. Hesabu maulizo yote, si mibofyo, ulinganishe na wiki mbili zilizotangulia. Kama maulizo yaliyopungua yana thamani kuliko hela uliyookoa, liwashe.

Rafiki yangu alilifanya hilo kwa Lemosho ya siku nane, mwezi wa tisa tangu ukurasa uwekwe. Wiki mbili za tangazo zilileta maulizo 11, wiki mbili bila tangazo zikaleta 10. Akalizima moja kwa moja. Machame bado analilipia, kwa sababu kampuni zilizo juu pale zimekaa miaka na ukurasa wake haujavuka nafasi ya 14. Ameshaniambia masika ijayo atauandika upya.