SOMO: JE, KUJINYOOSHA BAADA YA MAZOEZI KUNAPONYA MISULI?



Jioni tunawaona vijana wetu wakitoka mpirani, wanaketi na kuvuta miguu kwa nguvu mpaka wanauma meno. Wanasema, "Tukijinyoosha, kesho hatutaumwa." Hata wazazi wakitoka kibarua cha kulima husema hivyo. Tujifunze pamoja.

1. Maumivu yanatoka wapi?
Misuli ikifanya kazi isiyoizoea, nyuzi zake hupata majeraha madogo sana. Kuteremka mlima na mzigo huiumiza kuliko kupanda, kwa sababu hufanya kazi huku ikirefushwa. Maumivu huzidi kati ya siku ya 1 na ya 3, kisha hupungua. Wengine husema ni asidi iliyobaki mwilini. Sivyo. Asidi hiyo huondoka mapema, kabla maumivu hayo hayajaanza.

2. Kujinyoosha kunasaidia nini?
Mwaka 2011 watafiti wa Cochrane walichapisha uchambuzi wa majaribio 12. Kujinyoosha baada ya mazoezi kulipunguza maumivu ya kesho yake kwa alama 1 hivi kati ya 100. Ni kidogo mno. Hata hivyo hatukatazi, maana kukifanywa mara kwa mara hulegeza viungo. Vuta polepole kwa sekunde 30, bila kurukaruka, na uache kabla ya kuumia.

3. Ni nini kinachosaidia kupona?
(a) Usingizi na siku ya kupumzika.
(b) Maji, na chakula cha kujenga mwili: maharage, dagaa, karanga.
(c) Kutembea taratibu, kisha kuongeza kazi kidogo kidogo. Mama aliyekaa miezi bila kushika jembe asianze na shamba zima.

Hatari ni hii: kijana akidhani kujinyoosha kumemponya, kesho atacheza tena kwa nguvu na kujeruhi mguu ambao familia inautegemea.

Angalizo: mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au misuli ikivimba na kukosa nguvu, nendeni kituo cha afya siku ileile. Figo zinaweza kuharibika.

Basi tusimwite mvivu anayeumwa baada ya kazi ngumu. Mwili wake unajijenga.

Maswali ya kujadiliana nyumbani:
1. Nani kwetu ameanza kazi mpya nzito? Tumpunguzieje mzigo wiki hii?
2. Watoto wetu wana siku gani ya kupumzika mpira?