Sifuri: Maana Yake katika Hesabu, katika Fikira na katika Maji ya Rufiji

Katika shule nyingi neno "sifuri" hutajwa kwa hofu. Mwanafunzi aliyepata sifuri huhesabiwa kuwa hana kitu, na kwa sababu hiyo wengi hukua wakidhani kwamba sifuri na "hakuna" ni jambo moja. Dhana hiyo si sahihi, nayo huleta makosa darasani na hata nje ya darasa. Makala haya yanaeleza tofauti iliyopo, kwa mifano ya delta ya Mto Rufiji, ambayo sehemu yake kubwa leo imo katika Wilaya ya Kibiti.

Asili ya neno

Neno "sifuri" limetokana na neno la Kiarabu "sifr", maana yake tupu. Waarabu nao walikuwa wakifasiri neno la Kihindi cha kale, "shunya", lenye maana hiyo hiyo. Mnamo mwaka 628 mtaalamu wa Kihindi, Brahmagupta, aliandika kanuni za kuitumia sifuri kama namba kamili: namba ikitolewa katika namba iliyo sawa nayo, hubaki sifuri, namba yoyote ikizidishwa kwa sifuri, huwa sifuri. Katika karne ya 9 al-Khwarizmi wa Baghdad alizieleza tarakimu za Kihindi kwa Waarabu. Mwaka 1202 Leonardo wa Pisa aliliandika neno hilo kwa Kilatini, "zephirum", na humo ndimo lilimotoka neno "zero" la lugha za Ulaya. Kwa hiyo "sifuri" na "zero" ni ndugu wa baba mmoja.

Kabla ya hapo, katika karne ya 2, Ptolemaios wa Alexandria alitumia alama ya mahali patupu katika majedwali yake ya nyota. Huyu ndiye aliyeutaja pia mji wa Rhapta katika pwani ya Afrika Mashariki, mji ambao baadhi ya wataalamu hukisia kuwa ulikuwa karibu na delta ya Rufiji. Lakini alama yake ilikuwa ya kulinda nafasi tu. Haikuwa namba ya kujumlishwa na kuzidishwa.

Kazi hizo mbili hazina budi kutenganishwa. Mfanya biashara akiandika boriti 205 za mikoko, sifuri iliyo katikati inalinda nafasi ya makumi. Ikiondolewa, boriti 180 zimepotea daftarini. Akiuza zote, hesabu yake ya mwisho ni 0. Hapo sifuri hailindi nafasi: ni jibu la swali "zimebaki ngapi?"

Sifuri na utupu

Wanafalsafa wa Kiyunani waliona taabu kuukubali utupu. Parmenides alifundisha kwamba kisichokuwapo hakiwezi hata kufikiriwa, na Aristotle alikana kuwa pana mahali patupu kabisa. Hisabati ya karne ya 19 na ya 20 ililijibu fumbo hilo kwa njia ya seti. Tenga lisilo na samaki ni tupu, lakini tenga lenyewe lipo. Vivyo hivyo, seti tupu haina memba, lakini yenyewe ni kitu. Sifuri ni idadi ya memba wa seti hiyo. Basi sifuri haisemi "hakuna jibu". Husema "jibu lipo, nalo ni sifuri".

Tofauti hii huonekana wazi katika daftari la mvua. Tuseme shule moja ya Kibiti imeandika milimita za mvua hivi: Jumatatu 12, Jumanne 0, Jumatano pameachwa wazi, Alhamisi 8, Ijumaa 0. Sifuri ya Jumanne ina maana kwamba mpimaji alikwenda, akatazama, akakuta chombo kikavu. Nafasi ya Jumatano ina maana kwamba hakuna aliyepima. Wastani wa siku zilizopimwa ni 20 ÷ 4, yaani milimita 5. Atakayeijaza Jumatano kwa sifuri atapata 4. Atakayezitupa sifuri mbili atapata 10. Daftari ni moja, majibu ni matatu, na mkulima wa mpunga hutegemea lililo sahihi.

Sifuri kama mwanzo wa kipimo

Sifuri ina kazi ya tatu: kuwa mahali pa kuanzia. Saa za Kiswahili huhesabiwa tangu jua kuchomoza, na saa kumi na mbili asubuhi ndiyo sifuri ya mchana. Mwanzo huo unafaa kwa sababu karibu na Ikweta wakati wa jua kuchomoza hubadilika kidogo tu mwaka mzima.

Katika delta, ambako bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na maji ya bamvua hupanda zaidi ya mita 3, uchaguzi wa sifuri ni jambo zito. Ramani za nchi kavu huanza kupima kwenye wastani wa usawa wa bahari. Chati za mabaharia huanzia chini zaidi, karibu na maji ya kupwa sana, ili nahodha asidanganyike kwamba kina ni kikubwa kuliko kilivyo. Kipimo cha maji ya mto nacho huwa na sifuri yake. Mwezi Aprili 2024 mafuriko yalizamisha mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Wakati kama huo, habari kwamba "maji yamefika mita 4" haimsaidii mtu asiyejua mita hizo zimehesabiwa kutoka wapi.

Kwa nini haigawi

Kugawanya 12 kwa 3 ni kutafuta namba ambayo ikizidishwa kwa 3 huleta 12. Kugawanya 12 kwa 0 ni kutafuta namba ambayo ikizidishwa kwa 0 huleta 12. Namba hiyo haipo. Na 0 kwa 0 je? Hapo kila namba inafaa, kwa hiyo hakuna jibu moja la kuchaguliwa. Brahmagupta alidhani jibu ni sifuri. Hisabati ya leo husema kwamba kugawanya kwa sifuri hakuna maana. Hapa ndipo "hakuna" inapostahili kutumika, na sifuri haistahili.

Maswali ya darasani

1. Fungu la mchanga liko mita 0.8 juu ya sifuri ya chati. Mashua iliyopakia huzama mita 1.5 majini. Maji yafike mita ngapi juu ya sifuri ndipo mashua ipite bila kugusa?

2. Joto la mchana ni digrii 30 za Selsiasi, na la mahali pengine ni 15. Je, ni sahihi kusema kwamba la kwanza ni maradufu ya la pili? Kumbuka ni nani aliyeichagua sifuri ya kipimo hicho.

3. Mwanafunzi mmoja alifanya mtihani akapata 0, mwingine hakufika. Eleza kwa nini mwalimu asiwaandikie alama moja.