Dondoo muhimu: Bampa nyeusi iliyopauka

Hapa Kisongo tuko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na jua kali la huku huunguza tabaka la juu la plastiki ya bampa. Kuipaka mafuta ni kuficha mpauko tu. Anza na sabuni na brashi, sugua hadi povu litoke bila weusi wa vumbi, kisha iache ikauke kabisa. Utaambiwa oili chafu hung'arisha papo hapo. Ni kweli, ila hunasa vumbi la barabara ya Makuyuni na huchuruzika mvua ikinyesha. Moto nao hurudisha weusi kwa muda, lakini ukizidi kidogo bampa inajikunja. Badala yake, bampa ikishakauka, ziba rangi ya bodi kwa tepu ya karatasi, paka dawa ya kurudishia plastiki weusi kivulini, kidogo kidogo, na futa inayozidi kabla haijaganda.